Nafasi Mezani: Somo Juu ya Watoto Wenye Ulemavu Shuleni

Soma: 2 Samweli 4:4 na 9:1–13

Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, alikuwa na umri wa miaka mitano mlezi wake alipokimbia naye, akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Baadaye Mfalme Daudi aliuliza kama amesalia mtu wa nyumba ya Sauli apate kumtendea wema. Angeweza kumpelekea posho huko Lodebari, na neno likaisha. Lakini alimwita Yerusalemu, akampa nafasi mezani pamoja na wana wa mfalme. Miguu haikupona, nafasi aliipata.

1. Meza ya shule

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, wakataza mtoto kunyimwa elimu kwa sababu ya ulemavu. Lakini kuandikishwa tu si kupata nafasi. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akiketishwa kwenye benchi refu, miguu ikining'inia, nguvu zake huishia katika kujizuia asianguke. Mkono hauna utulivu wa kuandika. Mwalimu huona daftari tupu, akadhani mtoto hana akili.

2. Kazi ya mtoa tiba kwa vitendo

Mtaalamu huyu wa afya hutazama kazi za mtoto za kila siku: kukaa, kuandika, kula, kwenda chooni. Hutafuta kinachomzuia, kisha hubadili kiti, kifaa, au namna ya kutenda. Mara nyingi vifaa ni vya hapa hapa: kisanduku cha kukanyagia, meza ya kimo cha kiwiko, penseli iliyoviringishiwa mpira wa baiskeli, mti wa kushikia chooni. Seremala asikisie vipimo. Mtaalamu apime kwanza, na mtoto akikua apimwe tena.

3. Wajibu wetu

Wataalamu hawa ni wachache, na wengi wako katika hospitali kubwa. Basi wazazi wasimfiche mtoto. Wazee wa kanisa wawasaidie kumfikisha hospitali. Mwalimu apewe maelekezo yaliyotolewa huko. Daudi aliuliza, na Siba alijua mahali alipo Mefiboshethi. Hata mtaani kwetu yupo anayejua.

Maswali ya kuzungumza

1. Ni mtoto gani jirani yetu asiyekwenda shule kwa sababu ya ulemavu? Nani atakwenda kwao wiki hii?
2. Je, mtoto wa kiti cha magurudumu aweza kuingia kanisani mwetu bila kubebwa?
3. Ni fundi gani katika mtaa wetu awezaye kutoa kazi ya mikono yake?