Wasiwasi Utokanao na Habari za Siasa: Somo kwa Watoa Huduma na Wagonjwa

Mama mmoja wa makamo, muuza chakula karibu na stendi ya Nyegezi, alifika kliniki katikati ya Novemba 2025 akiamini kwamba moyo wake umeharibika. Mfano huu umeunganishwa kutokana na wagonjwa zaidi ya mmoja, na baadhi ya mambo yamebadilishwa ili kulinda siri zao. Kwa wiki mbili moyo ulikuwa ukimwenda mbio usiku, kifua kikibana na mikono ikitetemeka. Shinikizo la damu lilikuwa juu kidogo. Kipimo cha umeme wa moyo na vipimo vya wingi wa damu, sukari na tezi la shingo havikuonyesha ugonjwa. Nilipomuuliza hufanya nini kabla moyo haujaanza kwenda mbio, alinyamaza, kisha akasema: “Naangalia simu, daktari. Mwanangu yuko Dar es Salaam.”

Tarehe 29 Oktoba 2025 ilikuwa siku ya Uchaguzi Mkuu. Siku hiyo maandamano na ghasia vilizuka katika miji kadhaa, Mwanza ikiwamo. Intaneti ilizimwa nchini kote, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Watu walipoteza maisha, na idadi yao imekuwa suala la mabishano tangu hapo. Intaneti ilianza kurejea tarehe 3 Novemba. Mama huyu na mwanawe walizoea kuwasiliana kwa WhatsApp. Kwa siku tano hakupata neno lake, na simu ya kawaida haikupatikana. Kijana alikuwa salama. Hata hivyo, baada ya kumpata, mama hakuacha kutafuta. Kila usiku alifungua video za siku zile, moja baada ya nyingine, hadi saa 8.

Somo hili linahusu hali hiyo: hofu iliyoanza kwa sababu ya kweli, kisha ikaendelea kulishwa na habari.

Mwili unapohisi hatari

Ubongo una sehemu ndogo iitwayo amigdala, yenye umbo la punje ya lozi, ambayo kazi yake ni kutambua hatari. Inapoitambua, tezi zilizo juu ya figo huachia homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, pumzi hufupika, misuli hukaza, tumbo husokota na usingizi hukimbia. Mwili unajiandaa kukimbia au kupigana. Kwa mvuvi aliyekutwa na dhoruba ziwani, maandalizi haya ni msaada, kwa kuwa yanampa nguvu ya kufika mwaloni, kisha yanatulia.

Kwa mtu aliyelala na simu mkononi, maandalizi hayo hayana pa kwenda. Hakuna kasia la kuvuta wala nchi kavu ya kufikia. Kila picha mpya huamsha mwili upya. Ndiyo sababu wengi wa wagonjwa hawa hawaji wakisema “nina wasiwasi.” Husema presha imepanda, vidonda vya tumbo vimerudi, kichwa kinauma au moyo unashtuka. Hawadanganyi, kwani dalili hizo zimo mwilini kweli.

Kutojua kunaumiza

Mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu kimoja cha London walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha watu 45. Washiriki walibahatisha kama chini ya jiwe, katika mchezo wa kompyuta, kulikuwa na nyoka. Nyoka alipokuwapo, walipigwa shoti ndogo ya umeme mkononi. Waliokuwa na hakika ya kupigwa shoti walikuwa watulivu kuliko wale ambao uwezekano wao ulikuwa nusu kwa nusu. Kwa mwili, kutojua ni mzigo mzito kuliko kujua baya.

Wakazi wa Kanda ya Ziwa wanalifahamu jambo hili. Mwaka 2021 Rais John Magufuli, mwenyeji wa Chato, alionekana hadharani kwa mara ya mwisho tarehe 27 Februari, na kifo chake kikatangazwa tarehe 17 Machi. Baina ya tarehe hizo uvumi ulienea. Msiba ulipotangazwa, watu walilia, lakini angalau walijua wanalia nini.

Kwa hiyo si sahihi kumwambia mgonjwa aache kabisa kufuatilia habari. Siku tano bila intaneti hazikumtuliza mama wa Nyegezi, kwani alikosa habari moja tu aliyoihitaji. Lakini kinyume chake nacho kina madhara. Baada ya milipuko ya mabomu kwenye mbio za marathoni za Boston, Marekani, mwezi Aprili 2013, uchunguzi wa watu wapatao 4,700 ulionyesha kwamba waliofuatilia habari za tukio hilo kwa saa 6 au zaidi kwa siku walikuwa na dalili kali za msongo kuliko hata waliokuwapo kwenye tukio au karibu nalo.

Habari, basi, ni kama dawa: ina dozi. Pungufu huacha mtu gizani, nayo iliyozidi humdhuru. Swali la kujiuliza ni hili: je, ninachotazama sasa kitanijulisha jambo jipya litakalobadili ninachofanya kesho? Kama jibu ni hapana, huko si kupata habari tena. Ni kukwaruza kidonda.

Mgonjwa afanye nini

Kwanza, panga saa za habari. Wazee wetu walisikiliza taarifa ya habari ya saa 2 usiku, kisha redio ikazimwa. Mara mbili kwa siku, kwa muda usiozidi nusu saa, zinatosha, na ya mwisho iwe angalau saa moja kabla ya kulala. Simu ilale chumba kingine, au mbali na kitanda.

Pili, weka mpango wa familia. Andikeni kwenye karatasi namba za ndugu, jirani na mtu wa tatu anayeweza kupeleka ujumbe mtandao ukikatika. Kubalianeni saa ya kupigiana. Mpango wa namna hii hupunguza kutojua, ambako ndiko chanzo cha maumivu.

Tatu, usisambaze video za miili na majeruhi. Anayezipokea huenda akamtambua ndugu yake.

Nne, mwili ukiamka, ushushe. Kaa wima, vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe taratibu kwa hesabu ya sita, kwa dakika tano. Kutembea, kazi ya mikono, ibada na mazungumzo na watu unaowaamini pia husaidia.

Tano, epuka pombe, mirungi na dawa za usingizi zinazonunuliwa bila cheti cha daktari. Huahirisha hofu na huweza kuleta utegemezi.

Watoto nao husikia. Wajibu kwa ukweli mfupi unaolingana na umri wao, na usiwaache mbele ya televisheni peke yao.

Mtoa huduma afanye nini

Shirika la Afya Duniani linafundisha huduma ya kwanza ya kisaikolojia kwa hatua tatu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia usalama na mahitaji ya haraka ya mgonjwa. Sikiliza bila kumlazimisha kusimulia asichotaka kusimulia. Unganisha, yaani msaidie kufikia ndugu, taarifa sahihi na huduma anazohitaji.

Usimuulize ni wa chama gani, wala usimwonyeshe wewe ni wa upande gani. Mgonjwa akihisi kwamba maneno yake yanaweza kutoka nje ya chumba, hatasema chochote, na wewe utatibu presha isiyokuwapo. Aidha, usimwambie “hakuna cha kuogopa.” Huenda kipo. Sema badala yake: “Ni haki yako kuogopa. Tuone jinsi ya kuusaidia mwili wako upumzike.”

Pima mwili kabla ya kusema ni wasiwasi. Maumivu ya kifua, hasa kwa mwenye kisukari au shinikizo la damu, hayapaswi kudharauliwa kwa sababu tu mgonjwa ana hofu. Usikimbilie diazepamu: Shirika la Afya Duniani halishauri dawa za kundi hilo kwa dalili za msongo katika mwezi wa kwanza baada ya tukio la kutisha.

Wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache. Mpatie rufaa mgonjwa ambaye huzuni au kukosa hamu ya mambo kumezidi wiki mbili mfululizo. Ambaye majinamizi, kushtuka na kurudiwa na picha za tukio vimezidi mwezi mmoja. Au ambaye ameshindwa kufanya kazi na kutunza familia. Muulize waziwazi kama amefikiria kujiua. Swali hilo halipandi wazo hilo kichwani, bali humfungulia mlango. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, na rufaa iwe siku hiyohiyo. Kwa wakazi wa Nyegezi, hospitali ya rufaa ya Bugando ina wataalamu wa magonjwa ya akili.

Aliyefiwa au aliyejeruhiwa hana “wasiwasi wa habari.” Ana msiba, na anahitaji kusikilizwa kama mfiwa. Nao wauguzi na madaktari waliopokea majeruhi wanastahili huduma hizihizi.

Yule mama tulikubaliana mambo mawili: mwanawe ampigie kila siku saa 2 usiku, na baada ya hapo simu ibaki jikoni. Wiki ya tatu alikuwa analala hadi alfajiri siku nyingi, na shinikizo la damu lilikuwa limeshuka. Hofu yake kuhusu nchi haikwisha, wala sikumwahidi kwamba itakwisha. Alisema tu kwamba sasa anaogopa mchana, akiwa na watu, na usiku analala.

Maswali ya kujadili kituoni

1. Je, chumba chetu cha ushauri kinalinda siri ya mgonjwa kiasi cha kumfanya aseme linalomsumbua?
2. Kati ya wagonjwa wa presha na vidonda vya tumbo wa mwezi uliopita, wangapi tuliwauliza kuhusu usingizi wao?
3. Ni nani kati yetu watumishi anayehitaji kusikilizwa leo?