SOMO LA ROBO HII: Kubadili Mwelekeo Boti Ikiwa Kwenye Otopailoti



Parokia za visiwani na mwambao hutegemea boti kwa huduma nyingi, na boti nyingine siku hizi zina otopailoti, yaani kifaa kinachoshika usukani badala ya nahodha. Kifaa hiki hufuata dira na kuirudisha boti kila inapopotoka. Humpunguzia nahodha uchovu, lakini hakioni mtumbwi, wavu wala mwamba.

Tujifunze kwa wengine. Tarehe 5 Oktoba 2024, meli ya HMNZS Manawanui ya Jeshi la Majini la New Zealand ilikuwa ikipima bahari karibu na kisiwa cha Upolu, Samoa. Mabaharia walitaka kuigeuza, ikakataa. Wakadhani mitambo ya kuisukuma imeharibika. Uchunguzi ulionyesha kuwa otopailoti ilikuwa haijazimwa. Meli ilipanda mwamba na siku iliyofuata ikazama. Watu wote 75 waliokolewa.

Hatua za kufuata:

1. Kabla ya kugeuza, tazama pande zote, pamoja na nyuma. Hakikisha kwenye ramani kuwa uendako kuna kina cha kutosha.
2. Waambie abiria wakae na wajishike.
3. Kwa badiliko dogo, tumia vitufe vya digrii 1 au 10. Boti itulie kabla hujabonyeza tena.
4. Kwa kona kubwa, au karibu na gati, miamba na vyombo vingine, zima otopailoti ushike usukani mwenyewe.
5. Ukisha kugeuka, linganisha mwelekeo mpya na dira.
6. Boti isipotii, zima otopailoti kwanza, ndipo utafute kasoro nyingine.

Kanuni ya 5 ya Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za 1972 inataka kila chombo kiwe na ulinzi wa macho na masikio wakati wote. Otopailoti haiondoi wajibu huo.

Kwa hiyo tunawaomba wanakamati na wafadhili: fedha za kununua kifaa ziambatane na fedha za mafunzo. Kila anayeshika zamu aweze kukizima hata gizani.

Maswali ya kujadili:
- Katika boti yetu, ni nani wanaojua kuzima otopailoti?
- Mara ya mwisho walifanya zoezi hilo lini?