Mlango wa Chuma Ukikwama, Msikimbilie Nyundo

Vikundi vingi siku hizi vimeweka mlango wa chuma kwenye stoo ya mbolea, ofisi au duka la kikundi. Wengine wamenunua ile iliyotengenezwa kiwandani, ambayo ukizungusha ufunguo, ndimi za kitasa hutoka sehemu nyingi kwa pamoja: katikati, juu na chini. Mwizi hupata taabu sana kuubomoa. Lakini siku ukikwama, wenye mali nao hupata taabu ileile. Mtu analeta nyundo, kitasa kinavunjwa, na pesa za kikundi zinakwenda. Kumbe mara nyingi kitasa hakina kosa. Ni mlango uliosogea.

KWA NINI UNAKWAMA?

Ndimi zote huvutwa na vyuma virefu vilivyofichwa ndani ya mlango. Kila ulimi lazima uingie sawasawa katika tundu lake kwenye fremu. Ulimi mmoja ukigonga ukingo wa tundu, basi zote zinasimama. Sababu za kawaida ni hizi:

1. Bawaba zimelegea au zimelika. Mlango ni mzito, kwa hiyo hushuka upande wa kitasa.

2. Ukuta umecheza. Udongo mweusi, kama ule wa Kano na Mwea, hufura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Ukuta ukipinda, fremu nayo hupinda.

3. Jua kali. Chuma kikipata joto hupanuka. Mlango wa mita 2 joto lake likipanda kwa digrii 30, hurefuka karibu milimita 0.7. Ni kidogo, lakini penye nafasi finyu yatosha. Mlango ukikubali asubuhi na kukataa saa nane mchana, shukuni jua.

4. Kutu na uchafu. Vumbi la mbolea hunyonya unyevu wa hewa na kula chuma. Saruji iliyoachwa ndani ya matundu wakati wa ujenzi pia huzuia ndimi.

UKIKWAMA UKIWA UMEFUNGWA

Kwanza ulizeni: kuna mtu ndani? Kama kuna mtoto, mgonjwa au moto, msihesabu gharama. Vunjeni mara moja. Mlango hununuliwa, mtu hanunuliwi.

Kama hakuna hatari, fanyeni hivi:

• Msilazimishe ufunguo, wala msiushike kwa koleo. Ukikatikia ndani, shida moja imekuwa mbili.

• Wawe watu wawili. Mmoja ainue mlango kwa shikio, au kwa ubao uliopenyezwa chini yake. Mwingine azungushe ufunguo polepole.

• Ikikataa, mmoja asukume mlango kuelekea fremu, kisha auvute, huku mwenzake akijaribu ufunguo. Anzeni juu, kisha katikati, kisha chini. Mkipata pale panapobana, ufunguo utazunguka.

• Ikiwa ni mchana wa jua, ngojeni baridi ya jioni au alfajiri mjaribu tena.

UKISHAFUNGUKA

Hapa wengi hukosea: wanafurahi, wanafunga tena, na kesho yake wanarudi palepale. Msiufunge mpaka mjue kosa liko wapi.

Mlango ukiwa wazi, zungusheni ufunguo. Ndimi zikitoka na kurudi bila shida, kitasa ni kizima. Kosa ni la mlango au fremu. Zikiwa ngumu hata hapo, kitasa chenyewe ndicho kibovu. Mwiteni fundi akifungue. Mara nyingi sehemu ya katikati hubadilishwa peke yake, bila kununua mlango mpya.

Kujua panapogusa, pakeni ndimi chaki. Fungeni kwa uangalifu, mtu mmoja akiinua mlango, halafu fungueni. Alama ya chaki kwenye fremu itawaonyesha. Kazeni skrubu za bawaba. Kama ni bawaba za pini, watu wawili wainue mlango, na fundi atie washa moja kwenye kila pini ili upande juu. Ikibaki kidogo, panueni tundu kwa tupa, milimita moja moja. Kama ukuta una nyufa, elekezeni maji ya paa mbali na msingi, la sivyo mtarekebisha kila msimu.

Ndimi pakeni grisi kidogo. Ndani ya tundu la ufunguo msitie mafuta ya kupikia, kwa maana huganda na kushika vumbi. Sugueni penseli kwenye meno ya ufunguo, muingize na kuutoa mara kadhaa.

KINGA

Mlango ukianza kuwa mgumu, huo ndio wakati wa kuutengeneza. Funguo mbili zikae kwa wanachama wawili tofauti, wala ule wa akiba usifungiwe ndani ya stoo. Magunia ya mbolea yakae mbali na mlango. Tena nyumba inayolaza watu iwe na njia ya pili ya kutokea, hata kama ni dirisha lenye grili ya kufunguka kwa ndani.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mlango wetu unafunguka vizuri asubuhi na mchana pia?

2. Ni nani wana funguo, na asipokuwepo mmoja tutaingiaje?

3. Moto ukiwaka mlangoni usiku, walio ndani watatokea wapi?

Swali la tatu msiliache bila jibu. Jibu likiwa hakuna, anzeni na hilo wiki hii.