SOMO LA MWEZI: DEGEDEGE YA MTOTO MCHANGA, JE, NI UGONJWA WA UKOO?



Katika ploti zetu hapa Kayole, mtoto wa siku tatu akishikwa na degedege, maneno huanza: "Hiyo ni kifafa ya kwao mama." Neno kama hilo huvunja nyumba. Basi tujifunze ukweli.

DALILI. Mtoto mchanga mara nyingi hatetemeki mwili mzima kama mtu mkubwa. Hukodoa macho upande mmoja, hutafuna bila kitu mdomoni, hupiga miguu kama anaendesha baiskeli, ama mkono mmoja hurukaruka. Ukiushika polepole na usitulie, shuku degedege.

SABABU. Nyingi si za ukoo: kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, vijidudu katika damu ama kwenye utando wa ubongo, na sukari kupungua mwilini. Watafiti wa Kilifi walioandika juu ya jambo hili mwaka wa 2010 walitaja hasa vijidudu na shida za kuzaliwa.

NA URITHI? Upo, lakini ni nadra. Kuna degedege ya ukoo ambayo jeni yake, KCNQ2, ilijulikana mwaka wa 1998. Mzazi akiwa nayo, awe baba awe mama, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Huanza wiki ya kwanza, na kwa wengi huisha kabla ya mwaka. Wachache hupata kifafa baadaye. Tena jeni huweza kubadilika kwa mtoto mwenyewe, wazazi wote wawili wakiwa hawana. Sasa utamlaumu nani?

TUFANYE NINI?
1. Mlaze kwa ubavu. Usimtie chochote mdomoni: si kijiko, si maji.
2. Tazama saa, imechukua dakika ngapi.
3. Mfunike apate joto, mkimbize hospitali hata kama ni usiku. Vijidudu na sukari ya chini vina dawa. Kuchelewa ndiko huumiza ubongo, na ubongo ulioumia ndio huleta kifafa baadaye.
4. Kama kuna mtu wa ukoo, wa baba ama wa mama, aliyepata hivyo utotoni, mwambie daktari. Si aibu, humsaidia kuchagua dawa.

MASWALI YA KUJADILI
1. Kwa nini mama hulaumiwa peke yake?
2. Je, mfuko wa kikundi chetu una pesa ya gari la usiku?

Mungu awabariki.