Jaribuni mkiwa wengi

Mdogo wangu wa Namboboto, umeniandikia kwamba chama chenu kinataka kuhamisha hesabu kutoka daftarini kwenda Google Sheets, kila mmoja ajaze mchango wake kwa simu: wewe nyumbani, wengine Busia mjini, wengine Malaba. Unasema umeijaribu usiku peke yako ukaona ni rahisi. Hapo kwenye "peke yako" ndipo nataka tuongee.

Ukiwa peke yako, hakuna wa kukugonga. Ita wenzako watatu mfungue jedwali kwa wakati mmoja, kisha wawili waandike kwenye kisanduku kile kile. Kitabaki cha aliyeandika mwisho. Yule wa kwanza atagundua? Anajua kufungua historia ya mabadiliko arudishe namba yake? Na ukiwatumia kiungo kinachomruhusu yeyote kuhariri, aliyeingia bila akaunti yake huonekana kwa jina la mnyama tu. Mchango ukifutika, utamuuliza nani?

Usijaribu kwa simu yako nzuri. Muombe mama anayeuza omena atumie yake, yenye kioo kidogo. Mwambie, "Mama, ingiza mchango wako wa leo," kisha unyamaze. Usimwonyeshe kwa kidole. Tazama anapokwama. Akiandika 20,000, ni shilingi za Kenya au za Uganda? Hapo mpakani swali hilo ni zito kuliko rangi zote za jedwali, kwa hiyo ongezeni safu ya aina ya pesa. Na simu ikirukia mtandao wa ng'ambo, data ikakatika, je, faili linafunguka? Kama hakuliwekea ruhusa ya kutumika bila intaneti mapema, huenda asilione kabisa.

Kutazama watu kunalipa. M-Pesa, kabla ya kuzinduliwa Machi 2007, ilijaribiwa kwa kulipia mikopo midogo. Watu wakaonekana wanatumiana pesa wao kwa wao, na huduma ikajengwa juu ya hilo.

Kuna jambo lingine, na kwangu ndilo kubwa. Mwaka 1988 mtafiti Mmarekani, Jonathan Grudin, alieleza kwa nini programu za kufanya kazi pamoja hushindwa: mara nyingi anayeongezewa kazi si yule anayefaidika. Mama wa omena akichoma bando kila wiki ili kumpunguzia mweka hazina kazi, naye hapati kitu, ataacha. Muulize waziwazi anataka kuona nini humo. Pengine ni akiba yake tu, wakati wowote, bila kuomba ruhusa ya mtu.

Wenye kabambe, zile simu ndogo zisizofungua jedwali, katibu awaandikie wakiwa wameketi naye, awasomee alichoandika.

Daftari msilitupe. Endesheni vyote viwili mpaka mgao ujao, mkae mlinganishe jina kwa jina, kisha uniandikie ni wapi namba zimekataa kulingana.