Njia ya Mkato Katika Kiwanja cha Jirani

Ametuuliza ndugu mmoja katika wanaohudhuria darsa zetu suala ambalo twaona ni la mitaa mingi, kwa hivyo tumependa jawabu yake tuiandike hapa. Asema kuwa yeye na nduguze wadogo, ambao hawajabaleghe, wamerithi kwa baba yao kiwanja chenye nyumba, na nyuma ya nyumba pana nafasi ya wazi na kisima. Tangu uhai wa marehemu majirani hukata njia hapo kwendea msikitini, kwani kuzunguka ni mwendo wa dakika saba. Zamani walipita watu wawili watatu kwa miguu. Leo hupita bodaboda hata usiku wa manane, na wanawake wa nyumbani hawawezi kutoka kuteka maji ila wajitande buibui. Alipoanza kuchimba mashimo ya kutia ua, walimjia wazee wakamwambia azuia watu na msikiti, na mmoja wao akasema mbele ya hadhara kuwa babake alikuwa Mwislamu kuliko yeye. Auliza: je, ana dhambi akiziba?

Kabla ya kujibu twataka kukiri. Sisi wenyewe, tulipokuwa wanafunzi, tulikuwa tukipita katika kiwanja cha bibi mmoja kila alfajiri kwendea darsani, vitabu kwapani, na hatukumwomba ruhusa hata siku moja. Mwaka huo tulikuwa tukisoma mlango wa ghasbu, yaani kutwaa cha mtu bila ya haki, na njia ya kwendea kuusoma ndiyo hiyo. Bibi yule alipofariki tulimwendea mwanawe kumtaka radhi. Akacheka, akatusamehe, kisha akatwambia kuwa mamake alikuwa hafungui mlango wa nyuma mpaka asikie tumekwisha pita.

Basi asili ya sharia ni kuwa mali ya Mwislamu haimhalalikii mwengine ila kwa ridhaa ya nafsi yake, na Mtume (s.a.w.) ametuonya vikali juu ya atakayechukua ardhi ya mtu kwa dhulma, ingawa ni kiasi cha shibiri. Hata hivyo wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi hawakulifanya jambo zito kupita tu. Wamejuzisha mtu kupita katika ardhi ya mwenziwe ikiwa ada ya watu ni kusameheana, na mwenyewe hadhuriki, na kupita huko hakuigeuzi ardhi kuwa njia ya watu. Msomaji ayapime masharti hayo na bodaboda ya saa nane usiku.

Watu hujibu: "Lakini hii ni njia ya tangu jadi." Neno hili lina mambo mawili ndani yake, na watu huyachanganya. Ikiwa ni njia kweli, yaani umma waipita tangu kabla ya kiwanja kuwa cha mtu, basi hapana awezaye kuiziba, hata shibiri. Njia ya umma ina heshima kubwa. Watu wakikhitilafiana juu ya upana wake, imepokewa katika Hadithi kuwa ifanywe dhiraa saba. Na wale wa Lamu wajengao wikio juu ya kichochoro wajua kuwa sharti liwe juu kiasi cha kutomdhuru apitaye chini, pamoja na mzigo wake. Haya hujulikana kwa hati, kwa ramani, na kwa ushahidi wa wazee wanaoijua ardhi kabla ya nyumba.

Ama ikiwa njia ilitokea kwa kuwa mtu mmoja mwema alinyamaza, hiyo si njia, bali ni iara, kitu cha kuazimwa. Na mwenye kuazima aweza kurejeza chake atakapo, na iara yenyewe hukatika kwa mauti ya mwenye kuitoa. Watoto hurithi kiwanja. Hawarithi kunyamaza kwa baba yao. Zaidi ya hayo, muulizaji wetu ana nduguze mayatima ndani ya mali hiyo, na mafungu yao hapana mwenye idhini ya kuyafanyia ukarimu, si yeye wala wazee wa mtaa.

Hapa yatupasa kukumbusha jambo la mji wetu wa Mombasa, ambako nyumba nyingi za Waswahili zimejengwa juu ya ardhi ya mtu mwengine, mwenye nyumba akilipa kodi ya ardhi. Mtu wa namna hiyo aweza kumwachia jirani apite, lakini kumpa haki ya kudumu hawezi, kwani ardhi si yake.

Tusije tukadhaniwa twawapa watu hoja ya ubakhili. Mtume (s.a.w.) amekataza jirani kumzuilia jirani yake kutia mti katika ukuta wake, na Abu Huraira aliwalaumu watu wa zama zake alipowaona wanaipa mgongo Hadithi hiyo. Na Sayyidna Umar alimlazimisha Muhammad bin Maslama kuupitisha mfereji wa maji wa jirani yake katika ardhi yake, kwa kuwa ulikuwa na manufaa kwa wote wawili wala haumdhuru. Wanavyuoni wamekhitilafiana kama hayo ni lazima au ni hisani, na kauli ya mwisho ya Imam Shafi ni kuwa ridhaa ya mwenyewe haina budi. Lakini hata wanaolazimisha washarutisha kutokuwako madhara, na hapa madhara yapo wazi.

Wale wazee wanaotaja msikiti twawakumbusha khabari ya Banu Salima. Walitaka kuhama wawe karibu na msikiti wa Mtume, naye akawaambia wabaki majumbani mwao, kwani nyayo zao huandikwa. Azungukaye dakika saba hakupoteza kitu.

Liko na jambo la sheria ya serikali ambalo wengi hawalijui. Kwa Sheria ya Muda wa Madai ya Kenya, ya mwaka 1968, aliyepita katika ardhi ya mtu miaka 20 kwa amani, waziwazi, kama mwenye haki na bila ya kukatizwa, aweza kudai njia hiyo kuwa haki yake. Lakini apitaye kwa ruhusa hapiti kama mwenye haki. Kwa hivyo ruhusa na itamkwe, na bora iandikwe, jirani atie saini. Na wakishindana wajue kuwa Mahakama ya Kadhi haina mamlaka juu ya kesi za mipaka na njia. Kadhi aweza kuwasuluhisha tu, na kesi ni ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Jawabu yetu kwa ndugu huyu, basi, ikiwa hakuna ushahidi kuwa ni njia ya umma, ni kuwa hana dhambi, na kwa ajili ya mayatima twaona ni wajibu wake kuwazuia wenye vyombo. Ila asiamke siku moja watu wakakuta ua. Aende kwanza nyumba kwa nyumba, awaeleze, awape muhula. Akiwapo mzee asiyeweza kuzunguka, amwekee mlango mdogo apite kwa miguu na kwa hodi. Hilo ni katika yale ya kusameheana. Na yule aliyemtaja marehemu, alisema mbele ya watu. Radhi naye aitake mbele ya watu.