Siku Moja Madukani London



Tuseme umechaguliwa kwenda Uingereza kwa mafunzo ya wiki sita, na umefika mji wa London mwanzoni mwa Januari. Huo ni wakati wao wa baridi. Jua hutoka saa mbili asubuhi, na ikifika kama saa kumi jioni limekwisha kuzama. Mchana joto hufika kama nyuzi 8 za Sentigredi. Watu wa Makete na Njombe, wanaoijua sakitu ya Juni na Julai, watasema hiyo si baridi ngeni. Lakini ya London ina unyevu na upepo, tena hukaa miezi mitatu. Koti ulilotoka nalo nyumbani ni jepesi. Mfukoni una paundi 60 za kununulia nguo za baridi, na hutapata nyingine mpaka mwisho wa mwezi.

Leo ni Jumamosi. Anza safari yako kwa miguu hapo Marble Arch, lango kubwa la mawe meupe. Kutoka hapo barabara iitwayo Oxford Street inakwenda upande wa mashariki karibu kilomita mbili, na maduka yamepangana pande zote mbili. Ungengoja Jumapili ungekuwa na muda mfupi, kwa sababu sheria ya mwaka 1994 inaruhusu maduka makubwa kufungua kwa saa sita tu siku hiyo.

Baada ya mwendo mfupi utaona duka kubwa lenye nguzo ndefu mbele. Hilo ni Selfridges. Lilifunguliwa mwaka 1909 na Mmarekani aliyeitwa Harry Gordon Selfridge. Wakati ule, katika maduka mengi ya London, bidhaa zilikaa nyuma ya kaunta, kama katika duka la kijijini. Mtu aliyeingia bila kununua hakutazamwa vizuri. Selfridge aliziweka bidhaa wazi, watu wazishike na kuzigeuza. Alikaribisha hata waliotaka kutazama tu. Alijua kwamba mkono ukishika, moyo nao hutaka. (Yeye mwenyewe alipenda anasa na kamari kupita kiasi. Mwaka 1947 alifariki akiwa hana mali.)

Sasa ingia. Mlangoni unapokewa na hewa ya moto, na harufu ya manukato imejaa. Vidole vilivyokufa ganzi vinaanza kupata uhai. Hutaki kutoka tena. Angalia sana hapo, ndugu yangu. Baridi ya nje inakusukuma ndani, na kila duka unaloingia kuota moto lina kitu cha kukuuzia.

Unaliona koti zuri. Nyumbani, siku ya gulio, ungesema, "Kaka, bei ya mwisho ngapi?" Naye angesema, na wewe ungesema, mpaka mkutane katikati. Hapa hakuna maneno hayo. Bei haisemwi, imeandikwa. Muuzaji aliye mbele yako ni mwajiriwa tu, hana ruhusa ya kupunguza hata peni moja. Karatasi ndogo iliyoning'inia kwenye mkono wa koti ndiyo inayosema naye haibishani.

Mtindo huu una historia. Mwaka 1884 Michael Marks, mhamiaji kutoka nchi iliyokuwa chini ya Urusi, alifungua meza ya biashara katika soko la mji wa Leeds. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, na kupatana bei kulimshinda. Akaandika bango kuwaambia watu wasiulize bei, kila kitu ni peni moja. Wateja wakamiminika. Kutokana na meza hiyo likatokea shirika la Marks & Spencer, lenye maduka nchi nzima.

Basi soma karatasi. Herufi ni za Kiingereza, lakini tarakimu ni zile zile ulizojifunza darasani. Paundi 1 ni peni 100. Koti limeandikwa 39.99. Usiseme "paundi thelathini na kitu." Sema 40, maana ni peni moja tu iliyopungua, na imepunguzwa makusudi ili jicho lako lione 39. Glovu ni 12.99, sema 13. Kofia ni 9.99, sema 10. Jumla ni 63. Una 60. Afadhali ulijue jambo hilo hapa kuliko mbele ya keshia, watu wamepanga mstari nyuma yako.

Januari pia ni mwezi wa punguzo. Dirishani utaona 50% kwa tarakimu kubwa nyekundu, yaani nusu ya bei. Sogea karibu. Juu yake kuna neno dogo lenye maana ya "hadi." Hadi nusu. Pengine ni mikanda na soksi tu iliyopunguzwa nusu, na makoti yamepunguzwa kidogo au hayakupunguzwa kabisa.

Usinunue bado. Acha barabara kubwa, uingie mitaa wanakoishi watu. Huko kuna maduka madogo ya mashirika ya hisani, kama Oxfam, yanayouza nguo zilizokwisha kuvaliwa. Utacheka, maana hii ni mitumba! Sisi tuliziita "kafa Ulaya," tukidhani wenyewe wamekufa. Sivyo. Wengi wa waliozitoa wako hai, wamezichoka tu, au zimewabana. Huzileta dukani bure, na faida ya mauzo husaidia kazi za shirika. Zisizonunuliwa huuzwa kwa kilo kwa wafanyabiashara, nao huzichambua, huzifunga katika mabelo na kuzisafirisha. Nyingine hufika mpaka Karume, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi. Koti ulilolisafiri mbali kulikimbilia huenda lingekufuata kijijini.

Kagua kama unavyokagua mnadani: zipu, vifungo, mifuko, kwapa. Soma kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani ya shingo, kinaeleza kama ni sufu au nailoni. Tuseme koti ni paundi 18, sweta 6, glovu 3 na kofia 2.

Omba risiti, uitunze. Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 2015, bidhaa yenye kasoro ambayo hukuonyeshwa unaweza kuirudisha katika siku 30 na kudai fedha zako. Kubadili mawazo tu si kasoro.

Ukitoka nje ni saa kumi na nusu, giza limeingia na taa zinawaka. Vaa koti kabla ya kufungua mlango.

Maswali

1. Kwa nini Michael Marks aliandika bei?
2. "Punguzo hadi 50%" na "punguzo 50%" zina tofauti gani?
3. Ukinunua vitu vinne vya duka la mitumba, utabaki na paundi ngapi kati ya 60?
4. Zungumzeni darasani: Kama bei zote za gulio letu zingeandikwa, nani angefaidi, nani angepoteza?